Chemchemi za Florida: Bahari Haikuwafundisha Haya

Kama wewe na mwenzi wako mlijifunza kuzamia Mnemba au Mafia, mnajijua: mkishavaa mitungi mnajiona samaki. Sisi pia tulijiona hivyo, mpaka tulipofika Ginnie Springs, karibu na mji mdogo wa High Springs, kaskazini mwa Florida, Marekani.

Hapa hakuna bahari. Kuna msitu, kuna Mto Santa Fe wenye maji ya rangi ya chai, na pembeni yake chemchemi za buluu zinazong'aa kama kioo. Mvua huzama kwenye mwamba wa chokaa, maji yakachonga mapango humo, kisha yakabubujika tena juu. Florida ina chemchemi zaidi ya 1,000.

Sisi maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi, na kule jina limepata mwenyewe: nyuzi 22 za Sentigredi, mwaka mzima! Ukizoea Zanzibar utatetemeka. Vaa suti nene, milimita 5 au 7.

Tatizo la kwanza ni uzito. Maji ya chumvi hukubeba zaidi. Ikiwa wewe na vifaa vyako vyote mna kilo 100, kwenye maji baridi unapunguza kama kilo 2 na nusu za risasi kwenye mkanda. Lakini suti nene nayo inaelea, inakutaka uongeze! Usikisie, jipime juu kwanza. Mume wangu alikisia. Akashuka kama nanga, akatua puu! Mchanga na tope vikafumuka, hatukuonana. Ndiyo maana wenyeji hupiga mapezi kwa pembeni kama chura, wasitimue vumbi.

Kisha tukaingia Ballroom, chumba kipana chini ya mwamba, kama mita 15 kwenda chini. Mwisho wake kuna wavu wa chuma unaowazuia watu wasiingie kwenye pango lenyewe, na maji yanatoka hapo kwa nguvu. Mume wangu akanionyesha: twende tukaushike.

Nikatazama juu. Jiwe. Moyo ukanienda mbio. Nikamwonyesha dole gumba.

Nchi kavu dole gumba ni "poa". Chini ya maji ni "tupande, imetosha". Na wazamiaji wa mapangoni wana sheria moja nzuri sana: yeyote anaweza kusema imetosha, wakati wowote, na haulizwi kwa nini.

Akaashiria wavu tena: pale tu! Nikarudia dole. Akageuka.

Huko juu ndiyo ikawa kesi. "Tumetoka Dar mpaka huku, hewa bado nusu, bar 100!" Mimi geji wala sikuitazama, niliogopa tu. Lakini tulipotulia na kahawa tukapiga hesabu. Mapangoni hewa inagawanywa mara tatu: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya dharura. Tulianza na bar 200. Tulitakiwa kugeuka ikibaki 130 hivi. Baharini nusu mtungi si neno, juu yako kuna anga. Pale kuna jiwe.

Akanyamaza, halafu akasema, "Samahani, mama." Miaka minane ya ndoa, sikumbuki lini nilisema "hapana" bila kutoa sababu tatu.

Kesho yake tulirudi. Alikuwa amepunguza risasi, na tulishika wavu hewa ikiwa bado theluthi mbili na zaidi.

Siku hizi hata nyumbani, mabishano yakipanda, mmoja anainua dole. Mara nyingi ni yeye.

Kabla hamjaenda
- Msiupoteze mwanga wa jua wa mlangoni. Ukipotea, mmeshaingia pangoni, na cheti cha baharini hakiwaruhusu.
- Ulizeni sheria ya tochi ya kila chemchemi, maana hazifanani.
- Kubalianeni ishara mkiwa bado juu, na muahidiane kwamba anayesema "imetosha" hatanuniwa.