Kugeuka Upepo Ukiwa Mgongoni



Ndugu wapendwa, sisi wa Songea tumezoea milima ya Matogoro kuliko bahari. Ndiyo maana, nilipofika Paje, Zanzibar, nilisimama muda mrefu nikiwatazama vijana wakiteleza majini juu ya ubao wenye tanga, hasa wanapogeuka upepo ukiwa mgongoni.

Niliona njia mbili. Mmoja huulaza ubao upande, kisha huliachia tanga lizunguke kwa mbele. Mwingine huinama, akapita chini ya tanga na kulidaka upande wa pili. Manahodha wa majahazi nao hugeuka hivyo, upepo ukiwa nyuma, tanga likizungushwa mbele ya mlingoti. Kwani wakielekeza omo penye upepo, tanga hubanwa mlingotini.

Kijana mmoja alinieleza kwamba njia zote mbili zina sharti moja: usipunguze mwendo. Ukienda kasi pamoja na upepo, tanga huwa jepesi mkononi. Ukisita katikati, upepo hulielemea, nawe waanguka.

Nilimkumbuka kaka yangu. Kwa miaka 3 nilikusudia kumwomba radhi, nikasita, na kila mwaka neno lile lilizidi kuwa zito. Jioni ile nilimpigia simu. Hatukumaliza yote, lakini tulianza.

Toba ni kugeuka. Kuna anayepaswa kuachilia, na kuna anayepaswa kuinama. Wote wawili wasisite.

Nawatakieni juma lenye baraka.