Ada Mlangoni mwa Haki

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema kwamba mnyonge huyo ainunue haki yake kwanza. Hata hivyo, nchini Kenya, anayefungua kesi ya madai hukutana na orodha ya malipo kabla ya kukutana na hakimu.

Fundi wa cherehani aliyeshona sare za wanafunzi, kisha akanyimwa ujira wake, ni mfano mwafaka. Hulipa ada ya kuwasilisha hati ya madai. Ada hiyo nayo haiji peke yake. Kiapo cha kuthibitisha madai huapwa mbele ya kamishna wa viapo, kwa malipo. Anayempelekea mdaiwa samansi hutaka ujira. Maombi yanayofuata yana ada zake, sembuse nauli na siku za kazi zinazopotea. Deni likiwa dogo, fundi hupiga hesabu na kukata tamaa. Mdaiwa naye hupiga hesabu iyo hiyo, akalala usingizi mnono. Hapo ndipo dhuluma huota mizizi.

Waama, sheria haijalifumbia macho suala hili. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kwamba ada yoyote ya mahakama iwe ya kadiri, na isimzuie mtu kuifikia haki. Kifungu cha 22 kinakataza kumtoza ada anayefungua kesi ya kutetea haki za kimsingi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hutakiwa kuyaamua kwa siku 60. Aidha, Kanuni za Kesi za Madai za 2010 humruhusu fukara kuomba kushtaki bila kulipa. Lakini fundi si fukara. Ana cherehani yake na watoto wa kulisha. Amesimama kati ya ufukara unaosamehewa na ukwasi usiotishwa na ada.

Wapo wanaodai kuwa ada huzuia kesi za upuuzi na kuchangia gharama za mahakama. Hoja hiyo ina uzito, ila haikamiliki. Kesi ya upuuzi huadhibiwa mwishoni, mshtaki anapoamriwa kumlipa mwenzake gharama. Ada ya mlangoni haibagui kesi ya kweli na ya uongo. Nchini Uingereza, ada za mabaraza ya kazi zilizoanzishwa mwaka wa 2013 zilifikia pauni 1,200 kwa baadhi ya madai. Idadi ya madai iliporomoka. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ilizibatilisha katika kesi iliyoletwa na chama cha wafanyakazi cha UNISON. Ilieleza kuwa mahakama humfaa hata asiyewahi kushtaki, kwa kuwa watu hutimiza ahadi zao wakijua kwamba haki inaweza kudaiwa.

Katika Kiswahili, neno ada lina maana ya malipo, na pia lina maana ya mazoea. Malipo yakishakuwa mazoea, hakuna anayeuliza sababu yake. Ni wajibu wa wanaotunga kanuni kuuliza: ada hii ya ziada inagharamia nini, na inamfukuza nani? Isiyo na jibu la kuridhisha na iondolewe, ili fundi aingie mahakamani akiwa na ushahidi wake tu mkononi.