Mafundi wa kioo wa Arusha na mtoto wetu wa Mugunga

Wengi mmetuuliza tumewaletea nini kutoka Arusha. Tumeleta glasi moja ya kunywea maji, ya rangi ya kijani, na neno moja tunalotaka mlifikirie nyumbani kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Tulienda watatu, sote walimu wa masomo ya msingi na wamama wa likelemba kama ninyi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, Tanzania. Vikundi vya wanawake vilialikwana huko, na sisi tukafunga safari. Tulivuka mpaka alfajiri, tukapita Gisenyi, Kigali na Rusumo, tukalala ndani ya basi, tukabadilisha gari Singida. Tulifika miguu imevimba.

Lakini Arusha inapendeza. Ni mji wa kijani, una migomba na mashamba ya kahawa, na uko chini ya mlima Meru kama sisi tulivyo chini ya Nyiragongo. Meru nao ni mlima wa moto, mrefu kuliko wetu: una mita 4,566, na Nyiragongo una mita 3,470. Tofauti ni kwamba wao mlima wao umelala.

Siku ya mwisho wenyeji wetu walitupeleka kwenye karakana inayoitwa Shanga. Ilianza mwaka 2007, na leo iko katikati ya miti ya kahawa, pembeni ya mji. Humo wanafuma vitambaa, wanatengeneza shanga, na wanayeyusha chupa zilizotupwa ili kufanya glasi, mabakuli na taa. Wafanyakazi wengi ni watu wenye ulemavu: kuna viziwi, na kuna wenye matatizo ya miguu au mikono. Wanalipwa kwa kazi yao, na wageni wananunua vitu kwa sababu ni vizuri.

Tulisimama muda mrefu mbele ya tanuru. Moto wake unapita nyuzi 1,100, karibu sawa na lava iliyopita katikati ya mji wetu tarehe 17 Januari 2002. Fundi anaingiza bomba refu la chuma, analizungusha kama mtu anayetoa asali ndani ya chungu, na kioo kinatoka kimeshikamana nalo, chekundu na laini. Anapuliza kidogo, kinavimba. Hawezi kuacha kulizungusha, maana kioo kitaning'inia upande mmoja na kuharibika. Kikianza kuwa kigumu, anakirudisha motoni. Kikiisha kupata umbo, hakiachwi nje kipoe, kwa sababu kioo kikipoa haraka kinapasuka chenyewe. Kinawekwa katika tanuru la pili, lenye moto wa nyuzi 500 hivi, kisha moto unapunguzwa polepole, na kinatolewa kesho yake.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anapuliza, mwingine anafungua mlango wa tanuru, mwingine anapokea chombo, na kila jambo lina dakika yake. Sasa sikieni kilichotushangaza. Tanuru lilikuwa likinguruma sana, hata sisi tatu tulipiga kelele sikioni na hatukuelewana. Mafundi viziwi walikuwa wanaongea bila shida: jicho moja, mkono mmoja, na mwenzake ameshaelewa. Pale mbele ya moto, wenye shida ya kusikia tulikuwa sisi.

Ndipo tukamfikiria mtoto wetu. Mnamjua. Ni mwana wa mmoja wetu, ana miaka 9, hasikii tangu alipougua homa kali akiwa mdogo. Mama yake anauza makala kando ya barabara ya Sake. Mtoto anabaki nyumbani, na dada yake aliacha masomo ili amlinde, kwa sababu hawezi kusikia pikipiki inapokuja. Majirani wanamwita bubu. Wengine wanasema amerogwa. Ana akili: mtazameni anavyopanga mafungu ya makala bila kukosea hesabu. Anachokosa ni lugha. Na lugha ya alama mtoto anaipata kwa wengine wanaoijua, jinsi wetu walivyopata Kiswahili kwetu.

Kuna masomo ya viziwi hapa mjini. Tunaomba likelemba ichukue sehemu ya mfuko wa dharura, imlipie mtoto huyu mwaka wa kwanza pamoja na usafiri, na dada yake arudi darasani.

Tunajua neno ambalo baadhi yenu mtasema, maana tumelisikia tayari: kuna watoto wanaosikia vizuri ambao minervali ya sekondari haijalipwa, kwa nini tuanze na huyu? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba wale wengine, hata wakikaa nyumbani mwaka mmoja, wanaendelea kusikia, kuuliza, kujifunza sokoni na kanisani. Huyu kila mwaka unaopita anabaki bila lugha yoyote, na ubongo wa mtoto hausubiri. Na kwa mtoto mmoja tutarudisha wawili masomoni.

Hatusemi Mugunga tuwashe tanuru la kioo. Tanuru lile linakula moto mchana na usiku, nasi makala ya kupikia maharagwe yanatushinda. Arusha wana watalii wa kununua, sisi hatuna. Lakini ushonaji, useremala na hata kazi ya kutengeneza chukudu vinafanywa kwa macho na mikono.

Tulipopita Gisenyi tulimkumbuka pia Andrew Foster, Mmarekani mweusi ambaye tulisoma habari zake. Alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. Alianzisha shule ya viziwi Accra mwaka 1957, kisha zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za Afrika, Kongo ikiwemo. Alikufa kwa ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987, huko huko upande wa Gisenyi. Kiziwi ndiye aliyewafungulia viziwi wa Afrika mlango.

Kwa wenye watoto wachanga: mtoto akiwa na homa kali na shingo ngumu, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mtoto asiyegeuka mkigonga sufuria nyuma yake, msingoje aongee, mpelekeni apimwe.

Jumamosi tutaleta ile glasi ya kijani muishike. Mama wa mtoto atakuwepo, na mtoto mwenyewe atakuja. Tafadhali msijadili juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Msalimieni kwa mkono, mtazameni usoni, halafu tupige kura.