Pikipiki ya Mjomba Ilinicheka

Msomaji wangu, kuna siku unatoa ushauri kwa mbwembwe, halafu baadaye unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Yangu ilikuwa mwaka jana, nyumbani kwetu Lushoto.

Mama aliuza ng'ombe ili mdogo wangu apate pikipiki ya bodaboda. Mimi ndiye mtoto wa mjini, basi nikaulizwa: ichukuliwe ipi? Mjomba akasema ichukuliwe 125 ya Kichina kama yake, ile yenye umbo la Honda la zamani. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Pikipiki yenyewe taa imefungwa kwa mpira wa tyubu, na ukiipiga kiki inanguruma kama mashine ya kusaga! Nikamwambia, "Mjomba, dunia imeshahama. Dogo achukue 150, ipande na kabichi za Lukozi bila kuhema."

Nikasikilizwa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kupanda ilipanda, tusiidhulumu. Dogo akawa staa wa kijiwe, mara abiria wa Magamba, mara mzigo wa Lukozi. Miezi minane tu, injini ikaanza kugonga: ta-ta-ta-ta. Fundi akafungua silinda hedi, akatutolea kamshafti imelika kama kipande cha sabuni. Oili ikatoka nyeusi, utadhani lami.

"Mara ya mwisho mlimwaga lini?"

Dogo akaangalia viatu. Mimi nikaangalia mlima. Mama alikuwepo, hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma habari za pikipiki hizi, maana usingizi ulikata. Kumbe ile ninayoicheka ina ukoo wake. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976, wahandisi walikuwa wamewafikiria watu kama sisi: wapiga mishikaki, waahirisha oili. Katika injini ambazo kamshafti inakaa juu na kuzungushwa na cheni, oili ikichakaa huko juu kunaumia mapema. Basi kwenye CG wakaishusha chini, jirani na oili, halafu vijiti viwili virefu vikawa vinapeleka msukumo kwenye valvu. Hata cheni ya nyuma waliifunika yote, isile vumbi. Mwaka huohuo ikaanza kutengenezwa Manaus, Brazil.

Wachina nao wakaiga injini hiyo, ikasambaa kwa majina chungu nzima, SanLG ikiwemo. Mwaka 2010 serikali yetu ilipotunga kanuni za pikipiki za kubeba abiria, vijiti hivyo vilikuwa vimeshazoea vumbi la Tanzania.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi ya zamani ndiyo bora. Honda wenyewe hawakubaki palepale. Huko Brazil CG ya 150 ilitoka mwaka 2004, kamshafti ikiwa imerudishwa juu. Mwaka 2009 ikaja inayokunywa petroli na hata ethanoli ya miwa, na baadaye wakafika 160. Nguvu zaidi, ulaji mzuri wa mafuta. Lakini ile inayosamehe uzembe na ile inayodai haki yake si pikipiki moja, na mimi nilipotoa ushauri niliangalia namba ya ubavuni tu. Sikumuuliza hata dogo kama anajua kupima oili. Namba! Kama nanunua viatu!

Nilipompigia mjomba kumwomba radhi, shikamoo ikanitoka ndefu kuliko kawaida. Akaitikia marahaba, akacheka, akasema, "Mpwa, ukija pitia ukutani kwangu." Nikaenda. Nyuma ya mlango wa banda kuna mistari ya mkaa, mingi ajabu. Kila mstari ni siku aliyomwaga oili. Yaani mwenye injini ya kusamehe ndiye asiyehitaji msamaha, na sisi wenye ya kudai haki hatukuwa hata na kipande cha mkaa!

Kwa sasa dogo anaazimwa ya mjomba siku tatu kwa wiki, analipia mafuta, na kijiweni wenzake wanamtania kuhusu ile taa ya tyubu. Ameniambia inapanda Magamba polepole, lakini inafika.

Jumamosi napanda basi na hela ya kamshafti mpya, malipo ya makala mbili na deni kidogo. Mama ameniagiza majani ya chai. Mjomba kaniagiza oili chupa mbili, moja yake, moja ya dogo, na ameshamchorea mstari wa kwanza.