Miguu ya Mjomba

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi. Katika ujana wake alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Kwa Wanyamwezi wa zama zile, kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ile ikafa.

Mjomba alirithi miguu ile bila mzigo. Miaka ya 1940 alifanya kibarua mjini, na jioni alicheza kandanda pekupeku, winga ya kushoto. Kila aliporudi uwanjani, Babu, ambaye sasa alikuwa mzee wa kushinda barazani, alimwuliza swali lile lile: "Umerudi na nini?" Mpagazi alirudi na nguo. Mjomba alirudi na vumbi.

Mwaka 1945 Tanganyika iliingia katika Kombe la Gossage, ambalo Kenya na Uganda walikuwa wakiligombea tangu 1926. Mjomba aliota kuitwa. Lakini aliumia goti katika mechi ya mtaani, na Tanganyika ilipolitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza, mwaka 1949, yeye alikuwa akichechemea. Alikuwa amecheza miaka saba tu.

Nilipofika sekondari nilijiona msomi. Siku moja Mjomba alikuwa akiwasimulia wageni habari za mpira, nikamkatiza: "Picha iko wapi, Mjomba? Na kikombe je?" Akatabasamu kidogo. "Mpwa wangu," akasema, "kumbe na wewe ni babu yako." Tangu siku ile hakunisimulia tena, na mimi sikumwomba radhi mpaka tukamzika.

Hivi karibuni nilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuja na Stanley kutoka Ujiji. Majina ya hao wawili dunia nzima inayajua. Wapagazi waliowabebea mizigo, wengi wao hatuwajui. Nikamkumbuka Babu: naye alitembea njia nzima, na hakuna aliyeandika. Swali alilomwuliza mwanawe, hata yeye angeulizwa.

Deni langu nalilipa kwa njia hii ndogo. Mjomba alicheza Tabora, miaka saba, winga ya kushoto, pekupeku. Sasa imeandikwa.