Gego Lililolala

Nauza chapati mtaani Katwe, mkabala na mafundi wanaochomelea mageti na mashine za kusaga. Nilikuwa na miaka 24 maumivu yalipoanza, chini kushoto, nyuma kabisa. Nilitafuta tundu kwa ncha ya ulimi, sikulipata. Duka la dawa likaniuzia vidonge vinne vya rangi mbili vilivyofungwa kwenye karatasi. Vikanituliza siku tatu, maumivu yakarudi. Nikaishi hivyo miezi minne, vidonge vinne kila mara.

Fundi mmoja akanihurumia, akaniletea pamba iliyochovywa maji ya betri. "Nyabo, ibane hapo, inaua mdudu." Nikaibana. Mdudu hakuwepo. Ngozi ya ndani ya shavu ikababuka, ikatoka nyeupe kama utando wa maziwa. Wewe unayesoma huku umeshika shavu, nakusihi usiijaribu.

Asubuhi moja mdomo ukagoma kufunguka. Kati ya meno ya juu na ya chini kiliingia kidole kimoja tu. Wateja waliouliza bei niliwajibu kwa mikono. Jioni kumeza mate kukawa kazi, na uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya. Jirani yangu akanipakia kwenye boda hadi hospitali ya Mulago.

Daktari alinigusa kwanza chini ya ulimi. "Dada, hapa bado pako laini. Shukuru Mungu." Akanieleza kuwa usaha wa gego ukishuka huko, ulimi huinuka na pumzi huziba. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Ludwig, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1836, na mpaka leo unaua watu waliodhani wana jino tu.

Picha ya eksirei ilinionyesha jambo ambalo ulimi wangu usingeweza kulijua. Jino la akili, lile gego la mwisho linaloota kati ya miaka 17 na 25, lilikosa nafasi likalala ubavu, kichwa kikilisukuma jino jirani. Ufizi ulilifunika nusu kama kifuniko, chakula kikawa kinaingia chini yake na kuoza. Vidonge vilipunguza vijidudu, kifuniko kikabaki palepale. Si kila jino la akili hung'olewa, alisema daktari; lililosimama vizuri na kusafishika huachwa. La kwangu halikuwa hivyo.

Walisafisha, wakanipa dawa kamili, nikarudi uvimbe uliposhuka. Sindano ya ganzi, kisha ufizi ukapasuliwa, mfupa ukachongwa, jino likakatwa vipande viwili. Sikusikia maumivu, ila mlio ule niliujua: grainda ya Katwe, sasa ndani ya kichwa changu. Nilishika kanga yangu kwa mikono miwili, nikamwomba Mungu.

Nyumbani nilikosea. Niliambiwa nisisukutue siku ya kwanza. Ladha ya damu ikanishinda, nikasukutua kwa nguvu. Bonge la damu lililoziba shimo likang'oka. Siku ya nne maumivu yalipanda hadi sikioni, makali kuliko ya jino lenyewe. Nilirudi, wakaziba shimo kwa dawa yenye harufu ya karafuu, nikalala usingizi wa kwanza baada ya siku mbili.

Mdomo wa chini upande wa kushoto ulibaki na ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita karibu na mizizi ya jino hilo. Niliogopa mdomo ungebaki hivyo. Wiki ya saba, alfajiri, kabla sijawasha jiko la chapati, nilinyanyua kikombe cha chai na kikaniunguza palepale kushoto. Nililia kwa furaha.