Daftari Langu na Likembe la Mzee

Wahenga walisema: Mshika mbili, moja humponyoka. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi kwa rafiki zangu, kila wanionapo nikitoka katika mazoezi ya kwaya hapa Mugunga, na daftari la kuchora kwapani. Huniuliza: "Mwalimu, wewe u mwimbaji au mchoraji?" Leo napenda kuwajibu, nanyi wasomaji wapenzi mpate kuamua.

Muziki niliupenda kwanza. Katika seminari ndogo tulifundishwa kuimba kwa noti, na kila asubuhi tulirudia ngazi za sauti, do re mi, hata tukachoka. Hatukungoja kupendezwa, tuliimba kwa kuwa saa imefika. Kuchora kulinijia baadaye, nilipokwisha kuwa mwalimu. Basi nalichora nilipopenda tu: leo kurasa tano, kisha miezi miwili bila mstari mmoja. Mkono ukabaki mzito. Ndipo nilipozikumbuka zile ngazi za sauti, nikajiwekea sheria: kila siku robo saa, ukurasa mmoja, tarehe juu yake, wala nisifute kitu. Ukurasa ukiwa mbaya, na ubaki hivyo hivyo.

Vitu vya kuchora havipungui kwetu. Ipo njia ya Sake na chukudu zake zilizojaa magunia ya makaa, magurudumu yao ya mti yamevikwa mpira wa gari kuukuu. Zipo nyua za mawe meusi ya volkano. Upo mlima Nyiragongo wenyewe, uliotutia mbioni mwezi wa Mei 2021.

Lakini kilicho kigumu kupita vyote ni kumchora mpiga muziki, maana mkono wake hautulii. Mara nyingi nilivunjika moyo, hata siku moja nikatambua jambo ambalo muziki ulikuwa umenifundisha zamani: wimbo hurudi. Mpiga ngoma huinua mkono, hushusha, na baada ya mapigo machache mkono ule ule hurudi palepale. Mchoraji asiukimbilie, ahesabu mapigo, angoje, kisha atazame tena. Hivyo sikio likaanza kuliongoza jicho langu. Na jicho nalo likalisaidia sikio, kwani tangu nichore vinywa vya waimbaji wenzangu, namjua anayechelewa kuvuta pumzi kabla sijasikia kosa lake.

Wala mimi si wa kwanza. Ingres, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1780, alipiga fidla katika okestra ya Toulouse alipokuwa kijana. Mpaka leo Wafaransa husema "fidla ya Ingres" kwa kazi ya pili aipendayo mtu. Paul Klee, aliyezaliwa karibu na Bern nchini Uswisi mwaka 1879, alikuwa mwana wa mwalimu wa muziki, naye alipiga fidla tangu utoto wake. Huyo aliziandika picha zake katika orodha, moja moja, kwa utaratibu. Hao walishika mbili, wala hazikuwaponyoka.

Mimi, ole wangu, kipo kilichoniponyoka. Katika kambi ya watu waliokimbia vita, iliyokuwa hapa Mugunga, alikaa mzee mmoja kutoka Masisi. Jioni aliketi mlangoni pa kibanda chake cha turubai akipiga likembe, na watoto wamemzunguka. Mwanzoni mwa Januari 2025 nilimwomba ruhusa ya kumchora. Nilianza na mikono, kwa sababu vidole gumba vyake vilikwenda upesi juu ya vile vyuma nami nilitaka kujipima. Giza likaingia.

Mzee akatazama ukurasa, akacheka. "Mwalimu, umenikata kichwa. Na uso wangu je?"

"Kesho, mzee wangu," nikamjibu.

Kesho yake kulikuwa na mazoezi ya kwaya, nikaiacha sheria yangu. Siku iliyofuata nilikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Nikasema tena kesho, na tena. Mwishoni mwa Januari vita vikaingia Goma. Mwezi wa Februari kambi zikabomolewa, watu wakajitwika mizigo yao wakaenda zao. Nilipofika penye kile kibanda, nilikuta mawe meusi na majivu ya mafiga. Jina lake kamili sikuwahi kumwuliza.

Ukurasa ule ninao bado. Mikono miwili, likembe, na juu yake mahali peupe. Sitaujaza kwa kukisia, kwa maana uso wa mtu si kitu cha kubuni.

Basi ninyi vijana wenye hamu ya kuchora, msizuiwe na ile methali. Muziki haukunidhuru, ndio ulionipa saa na utaratibu. Kilichonidhuru ni neno "kesho". Nunueni daftari la bei ndogo na kalamu ya risasi, chagueni saa yenu, muishike. Pigo la wimbo hurudi, bali mtu aweza asirudi.

Jana, kabla ya mazoezi, nilimchora mama mwuza samaki wa ziwani, kando ya njia. Nilianza na uso.